Mhamaji wa Taifa

Mamlaka ya Kusimamia Ushindani wa Simu inayo furaha kuutangazia umma kwamba katika robo ya pili ya mwaka huu, ushindani kati ya kampuni za simu nchini umepanda kutoka sifuri hadi arobaini na mbili. Wateja wamehama, wakarudi, wakahama tena. Soko liko hai. Mamlaka inamshukuru kila mteja aliyeshiriki katika mafanikio haya makubwa.

Mteja aliyeshiriki ni mimi.

Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kujisifu nakujua, maana nafanya kazi Mamlaka. Mimi ni mkuu wa Idara ya Chai, na pia ndimi idara yenyewe. Shule niliishia darasa la tano. Watu wakiuliza husema mambo yalikuwa magumu nyumbani, na kweli yalikuwa magumu, lakini wiki niliyoacha ndiyo wiki niliyopangiwa kusoma shairi mbele ya shule nzima. Kwa miaka mitatu pale Mamlaka nilikuwa nimetamka maneno mawili tu kwenye chumba cha mikutano: "Sukari ngapi?" Wakaniita hivyo, Sukari Ngapi, na ndivyo ninavyoandikwa hata kwenye daftari la mahudhurio.

Nchi yetu ni ndogo. Mtu akipiga chafya mpaka wa huku, wa mpaka wa kule anamwombea afya. Kampuni za simu ni mbili, na zote ziko kwenye jengo moja. Moja iko ghorofa ya chini, watu wanaiita Chini. Nyingine iko ghorofa ya mwisho, wanaiita Juu. Mamlaka, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hawa wawili hawapatani, iko katikati. Mnara uliopo juu ya paa ni mmoja, wanautumia wote. Bei zao zinalingana hadi senti ya mwisho. Hata tangazo ni moja, msichana anacheka na simu sikioni. Kwa Chini gauni lake ni la njano, kwa Juu limepakwa zambarau. Bosi wa Chini amemwoa dada wa bosi wa Juu, kwa hiyo wanaitana shemeji, na kila siku saa saba walikuwa wanakula chakula cha mchana kwenye meza ya Mkurugenzi Mkuu wetu, ambaye aliwaangalia kwa karibu sana, kama sheria inavyomtaka.

Kwenye meza yangu ya chai, kati ya birika na kopo la majani, ipo simu ya malalamiko ya wananchi. Iliwekwa hapo kwa sababu haikuwa inalia, na mezani kwa watu wenye kazi ilikuwa inakusanya vumbi. Pembeni yake imebandikwa kadi yenye maneno ya kumsomea mlalamikaji. Mimi naipenda kadi ile. Maneno ya kwangu mwenyewe yananishinda kutoa, lakini ya kwenye kadi hayana aibu, ni ya ofisi.

Mlalamikaji wa kwanza katika historia ya simu ile alikuwa mama yangu.

Mama anaishi nyuma ya mlima, mwendo wa saa tatu kwa gari, mahali penye nyumba kumi na moja na shule. Simu haifiki. Inafika sehemu moja tu, juu ya tangi la maji la shule, tangi la saruji lenye urefu wa watu wawili na nusu. Kila Jumamosi saa kumi mama anabeba ngazi yake mwenyewe ya miti kutoka nyumbani, maana ya shule imefungiwa stoo, anaiegemeza, anapanda, anakaa juu ya mfuniko, tunaongea. Goti lake la kushoto ni bovu. Mwaka jana aliteleza kidato cha tatu cha ngazi akalala kitandani wiki mbili, na mimi sikujua kitu, kwa sababu simu ya kunijulisha ilitakiwa ipigwe kutoka juu ya tangi.

Alipopona akapanda tena akapiga namba ya malalamiko. Nikamsomea kadi kama ilivyo. Taja mahali ulipo. Akasema, "We mtoto, si unapajua?" Nikamwambia ni utaratibu. Taja kampuni. Eleza tatizo kwa kifupi. Akasema ukiwa chini hakuna mtandao, na huku juu hakukaliki. Nikamsomea mwisho: malalamiko yako yamepokelewa na yatashughulikiwa ndani ya siku tisini za kazi, tukikukosa kwenye simu, shauri litafungwa.

Wakampigia Jumanne. Wakamkosa kwenye simu. Shauri likafungwa.

Basi, tuje kwenye ushindani. Sheria iliyounda Mamlaka inasema kwamba wateja wasiopungua arobaini wasipohama kampuni katika robo mwaka, soko litahesabiwa limelala, Mamlaka itavunjwa, na samani zake zitapelekwa Idara ya Mifugo. Sheria hiyo haikuwahi kumtisha mtu mpaka Waziri mpya alipoisoma. Aliagiza aletewe idadi ya waliohama.

Mkutano wa dharura ulikaa. Mtakwimu wetu, kijana mwembamba tunayemwita Asilimia, alisimama akasema idadi ya waliohama ni thabiti. Mkurugenzi Mkuu akauliza thabiti kwenye ngapi. Asilimia akasema kwenye sifuri. Alieleza kwamba mteja hana sababu ya kuhama, kwani kuhama kutoka Chini kwenda Juu ni kama kugeukia upande wa pili wa kitanda kilekile. Mwingine akapendekeza kuhama kupewe tafsiri pana, ikiwemo mtu kuhamisha simu kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hilo lilijadiliwa kwa dakika arobaini. Mimi nilikuwa nazunguka na birika.

"Wewe," Mkurugenzi Mkuu akasema, "una simu?"

Niliangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu, ila ukuta.

"Ninayo, Bosi."

"Ya nani?"

"Ya Chini."

"Na miguu?"

Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa kuwa Mhamaji wa Taifa. Barua yangu ya uteuzi inasema nitahama mara zisizopungua tatu kwa wiki, kwa hiari yangu, bila kuathiri chai.

Kuhama kwenyewe ni fomu. Unashuka au unapanda, unachukua fomu, unajaza, unagongewa mhuri. Fomu haina sehemu ya jina, ili kulinda siri ya mteja. Ina swali moja tu, sababu ya kuhama, na nakala tatu. Nyeupe inabaki kwa kampuni unayoiacha, ya waridi inakwenda kwa kampuni unayoingia, ya bluu inakuja Mamlaka.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya kaunta ya Chini nusu saa nzima. Nilipanga kusema "nahama" na sauti haikutoka. Dada wa kaunta alidhani nimekuja kufagia akanyanyua miguu. Mwishowe nikachukua fomu bila kusema chochote, na penye sababu, kwa kuwa sikuambiwa niandike nini, nikaandika ukweli: simu haifiki kwa mama, nyuma ya mlima, mpaka apande tangi la shule.

Nikapanda Juu na fomu yangu. Keshokutwa yake nikashuka. Sababu ilikuwa ileile, maana mama alikuwa palepale.

Wiki ya tatu dada wa kaunta aliniangalia, akaangalia fomu, akaniangalia tena. "Mdogo wangu, juzi si ulikuwa wetu?"

"Nilikuwa."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuwa wenu tena."

"Basi usiende mbali," akasema, akagonga mhuri. Hakumwambia mtu. Kila mteja mpya alikuwa anahesabiwa kwenye jina lake, na mwezi ule picha yake ilitundikwa mlangoni kama Mfanyakazi Bora. Kwa miaka saba alikuwa anaipita pale picha ya mwenzake.

Kwa hesabu za Mamlaka mambo yalikuwa yananyooka. Tatizo likatokea mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, kwenye ushindani. Mabosi wa kampuni walikuwa wanaletewa zile karatasi nyeupe tu, za wanaoondoka. Zile za waridi, za wanaoingia, zilikuwa zinakwenda Idara ya Masoko, ambayo huzitunza mpaka sherehe za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kila bosi aliona wateja wakitoka, wakitoka, wakitoka, na hakumwona hata mmoja akiingia.

Siku moja saa saba nilikuwa nawapakulia. Bosi wa Chini akaweka rundo la karatasi nyeupe katikati ya sahani.

"Shemeji," akasema taratibu, "naona unaninyonya."

Bosi wa Juu akatoa rundo lake mfukoni, la unene uleule. "Shemeji, nilikuwa nasubiri ule kwanza."

Wakazisoma za kila mmoja. Zote ziliandikwa kitu kimoja kwa mwandiko mmoja. Nilishika birika kwa mikono miwili. Bosi wa Juu akauliza kwa nini mwandiko unafanana, na Asilimia, aliyeitwa haraka kutoa ufafanuzi wa kitaalamu, akasema hiyo ni picha halisi ya hali ya elimu nchini: wananchi wengi wanaandika kama mtu aliyeishia darasa la tano. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Na mimi nikatikisa. Kesho yake saa saba hakuna aliyekuja.

Chini wakatoa tangazo jipya, mama mzee anacheka na simu sikioni, kitambaa cha njano kichwani. Juu wakatoa mama mzee, kitambaa cha zambarau. Chini wakatoa bando la Mama, nusu bei kwa anayempigia mamake. Juu wakatoa bando la Mama na Shangazi. Jiji lilijaa akina mama wa karatasi. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya tangi.

Nikaendelea kuhama, nikaendelea kuandika.

Nadhani ilikuwa fomu ya ishirini na kitu ndipo bosi wa Chini aliposoma sentensi mpaka mwisho wake, akaona kuna mahali pametajwa. Alituma mtaalamu nyuma ya mlima. Mtaalamu akakuta nyumba kumi na moja, akaandika kwamba wateja wengine wamejificha. Bosi wa Juu aliposikia Chini wamepeleka mtaalamu, alipeleka fundi. Chini waliposikia fundi, walipeleka nguzo. Hakuna aliyetaka mnara kule. Kila mmoja alitaka tu mwenzake asiwe nao peke yake. Asilimia aliniambia huo ndio ushindani wenyewe, yeye alikuwa ameusoma chuoni lakini hakuwahi kuuona.

Jumamosi mama alinipigia. "Mwanangu, wamekuja watu na vyuma. Wa njano na wa zambarau. Wanagombania kivuli cha tangi."

Nikamwambia safari hii mtandao utafika mpaka mlangoni.

"Mlango upi, huu wangu?"

"Huohuo."

Nilisikia upepo. "Basi ngazi nitaipigilia kwenye banda la kuku," akasema. "Kuku wanataka mahali pa kulala. Goti langu nalo lipumzike."

Minara ikasimama, miwili, hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine. Ikawashwa. Jumamosi iliyofuata mama alinipigia kutoka palepale juu ya tangi, na sauti yake ilikuwa ya mbali kuliko zamani. Akasema sasa hata hapo juu kukaa hakutoshi, lazima asimame. Fundi wa Juu, mtu mkweli ambaye hakudumu kazini, alikuwa amemweleza: kila mnara umefunguliwa kwa nguvu zote ili kuuzamisha wa mwenzake, na huku chini mawimbi yao yanapigana mpaka hayabaki. Mnara mmoja ukizimwa, wowote, simu itaita mpaka jikoni. Lakini nani azime?

Nilimwazia amesimama juu ya mfuniko na goti lile. Nikaenda kwa Asilimia, nikasema sentensi nzima, ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mle ndani. Akanishauri nijaze malalamiko. Siku tisini. Nikaenda mpaka kwa Mkurugenzi Mkuu, ambaye alikuwa anachagua tai. Akasema, "Binti, kwa sasa hilo ni tatizo la uzinduzi. Tukishazindua litakuwa tatizo la matengenezo. Matengenezo yana idara yake."

Uzinduzi ulipangwa Alhamisi. Waziri mwenyewe angekwenda nyuma ya mlima kuzindua Enzi Mpya ya Ushindani, redio ingetangaza moja kwa moja, na Waziri angepiga simu ya kwanza mbele ya wananchi. Angepiga namba ya malalamiko, ili taifa lisikie inavyopokelewa. Mimi sikuwa kwenye msafara. Orodha ilikuwa na nafasi kumi na nne, na ya kumi na nne ilichukuliwa na bango. Nilibaki kupokea. Mkurugenzi Mkuu aliniandikia sentensi ya kusema, na nikaikariri siku mbili nikiosha vikombe: Hongera Mheshimiwa, mtandao unafika.

Alhamisi saa nne nilikaa mbele ya simu, redio pembeni. Yaliyotokea niliyasikia kwenye redio, mengine mama na Asilimia wamenisimulia, na hawapishani sana.

Hotuba zilikwisha. Waziri akatoa simu, akapiga. Kimya. Akapewa ya bosi wa Juu, kimya. Ya bosi wa Chini, kimya. Mtangazaji akawaeleza wasikilizaji kuhusu mandhari. Ndipo Mkurugenzi Mkuu, kwa akili ya haraka, akamwendea mama mmoja aliyekaa mbele na ngazi yake ya miti, akamuuliza wananchi wa hapa huwa wanapigia wapi. Mama yangu, ndiye huyo, akanyooshea tangi kidole, akaegemeza ngazi.

Waziri alipanda kwa sababu redio ilikuwa inasikiliza. Mkurugenzi Mkuu alipanda kwa sababu Waziri amepanda. Bosi wa Chini alipanda ili awe kwenye picha, na bosi wa Juu alipanda ili bosi wa Chini asiwe kwenye picha peke yake. Mwandishi wa redio akabaki chini, akawainulia kipaza sauti kwa fimbo ndefu. Asilimia anaogopa mahali pa juu; alibaki chini akiandika kwamba matumizi ya tangi yamepanda kwa asilimia mia nne.

Mabishano yakaanza huko juu kuhusu simu ya kwanza ipigwe kwa laini ya nani. Yalichukua muda. Mama aliangalia jua, akaona asubuhi inakwisha na kuku wake wanangoja. Ngazi ni yake. Akaichukua, akaiweka begani, akaenda nayo nyumbani.

Simu ya meza yangu ikalia. Nikapokea, sentensi ilikuwepo.

"Hongera Mheshimiwa, mtandao unafika."

"Sukari Ngapi," ilisema sauti ya Mkurugenzi Mkuu, "ngazi imeondoka."

Sikuwa nimekariri jibu la hilo. Niliangalia huku na huku, nikaiona kadi.

"Asante kwa kupiga simu Mamlaka," nikasoma. "Taja mahali ulipo."

"Binti, ni mimi."

"Najua, Bosi. Ni utaratibu. Taja mahali ulipo."

Akapumua. "Juu ya tangi."

"Taja kampuni."

Nyuma yake nilisikia mashemeji wawili wakitaja kila mmoja kampuni ya mwenzake. Niliandika zote.

"Eleza tatizo kwa kifupi."

"Ukiwa chini hakuna mtandao," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "na huku juu hakukaliki."

Nikafungua daftari la mwaka jana kuhakikisha. Yalikuwa maneno yaleyale. Nikaandika: kama shauri la kwanza.

"Malalamiko yako yamepokelewa na yatashughulikiwa ndani ya siku tisini za kazi. Tukikukosa kwenye simu, shauri litafungwa." Hapo kadi iliishia, na sijui nini kilinipata, nikaongeza ya kwangu. "Kwa hiyo Bosi usiondoke hapo, tusije tukakukosa."

Redioni wananchi walicheka. Ndipo nikajua kipaza sauti kilikuwa karibu na simu.

Akaniambia shule ina ngazi lakini mwalimu mkuu yuko semina na ufunguo. Kwamba Asilimia ametumwa nyumbani kwa mama, amemkuta ameshaipigilia ngazi bandani, na mama amemjibu kwamba mwenye shida na ngazi yake ampigie simu, minara si wamejenga miwili. "Mpigie mama yako," akasema. "Nakuomba."

"Mama yuko nyumbani kwake, Bosi. Nyumbani kwake simu haifiki."

Sikusema hivyo kwa jeuri. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimeshaandika mara arobaini na mbili.

Sauti ya Waziri ikaingia, nzito. Ikauliza itafika vipi. Nikamwambia alivyosema fundi, mnara mmoja uzimwe, wowote. Nikawasikia mabosi wakikataa kwa pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya miezi wamekubaliana. Bosi wa Juu alisema afadhali ajengewe choo hapo juu ya tangi. Waziri akamtaka Mkurugenzi Mkuu aamue kwa mujibu wa sheria. Mkurugenzi Mkuu akasema kwa mujibu wa sheria huzima yule mwenye wateja wachache katika eneo husika.

"Na wateja wa eneo hili wako wapi? Wale arobaini na mbili?" akauliza Waziri.

Mtangazaji hakutaja mandhari.

"Sukari Ngapi," Mkurugenzi Mkuu akasema polepole, kama mtu anayevua viatu, "leo uko kampuni gani?"

"Kwani huyo ni nani?" akauliza bosi wa Chini. "Tunauliza habari za wateja."

"Ndiye wateja," akasema Mkurugenzi Mkuu.

Taifa lote lilikuwa linasikia. Mimi nilikuwa na fomu mfuko wa aproni, haijajazwa; Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu ya kupanda. Mpaka dakika ile nilikuwa wa Chini. Ningeweza kuwa wa Juu kabla maji hayajachemka. Sijawahi kuwa na kitu mkononi ambacho watu wanne wakubwa wanakisubiri kwa pamoja, ukiondoa sukari. Laini ya mama ni ya Chini, anayo tangu baba alipomnunulia.

"Niko Chini," nikasema. "Na leo sihami."

Mnara wa Juu ulizimwa saa sita kasoro. Jua lilikuwa kali, na moto wa mfuniko ule wa saruji naujua kwa kusimuliwa. Nilimpigia mama kwa simu yangu. Iliita mara mbili.

"Haloo," akasema. Hakukuwa na upepo.

"Mama, uko wapi?"

"Niko mlangoni."

"Umesimama?"

"Nimekaa. Kwenye kiti. Mtu mzima akae wapi?"

Tuliongea habari za kuku, za goti, za majirani. Hatukuwa na haraka, na sijui tuliongea muda gani. Mwishoni akakumbuka kwamba kuna watu juu ya tangi wanaotaka ngazi, akaniuliza awape. Nikamwambia awape, kuku watavumilia. Akasema atawapelekea, ila polepole, goti.

Ripoti ya uchunguzi imesema hakuna aliyekosea. Mnara wa Juu kule uling'olewa ukapelekwa bonde jingine, maana kuna mtu alikuwa ameanza kuandika kwenye fomu habari za shangazi yake. Mabosi walipojua kwamba wamegombana kwa ajili ya mtu mmoja anayewapakulia chakula, walitazamana, wakaitana shemeji, wakarudi mezani. Bei zimelingana tena. Dada wa kaunta picha yake bado ipo mlangoni, hakuna aliyemzidi.

Mimi nimeacha kuhama. Simu inafika kwa mama. Nikiulizwa sababu sina ya kuandika. Waziri hakumfukuza Mkurugenzi Mkuu. Alimwambia soko lisilale, wahamaji wawe arobaini kila robo mwaka, na safari hii asiwasumbue watumishi wa chini.

Kwa hiyo anahama mwenyewe. Jumatatu anapanda, Jumatano anashuka, Ijumaa anapanda tena, Jumatatu ya pili anashuka, na tai yake. Ngazi za jengo letu ni nyingi na yeye ni mtu wa kiti. Nimemwekea stuli pale kwenye kona ya kati na kikombe chake, vijiko viwili. Anafika hapo anahema, ananishukuru bila kuniangalia. Amekuwa na haya sana siku hizi. Juzi nilikuwa nafagia karibu na kaunta ya Chini nikamwona amesimama na fomu yake, anaangalia viatu, sauti haitoki, mpaka dada wa kaunta akamwonea huruma.

"Kaka yangu, wiki iliyopita si ulikuwa wetu?"

Akasema alikuwa.